Nani Atampikia Lois

Kaeni chini, wanangu, na anayetaka kuziba pua aizibe, kwa maana sitangoja harufu hii iishe ndipo niseme. Huenda nikaisha mimi kabla yake. Silas, wewe mkubwa, kaa hapa karibu na dirisha nikuone. Peris, vua hiyo barakoa ya kazini, binti yangu, moyo uliochoka hauambukizi. Bravin, washa kile kinasa sauti chako, na kaseti ikifika mwisho igeuze bila kunikatiza. Nasema kwa Kiswahili badala ya Kigusii kwa sababu Makena, mke wa Silas, ameketi nasi na kwao ni Meru, na mimi nilikuwa mkalimani wa mahakama kule Kisii kwa muda wa kutosha kujua kwamba wosia usioeleweka na mkwe ndio unaolisha mawakili.

Nina akili timamu. Maneno hayo ni ya lazima. Niliwahi kumtafsiria mzee mmoja aliyemtaja mbuzi wake kuwa shahidi wa akili zake, na hakimu akaandika bila kucheka, kwa hiyo nami niandikiwe.

Tuanze na mepesi, yaani mali. Shamba la Nyamira, sehemu ya juu yenye chai ni ya Silas, sehemu ya chini mpaka kijitoni ni ya Bravin, na nyumba pamoja na kiwanja alimolala mama yenu Rahab ni ya Peris. Ndiyo, ya Peris. Baba zenu wadogo watapanda juu ya meza. Waacheni wapande, wakichoka watashuka, na wasiposhuka wachezeeni kaseti hii. Mimi mnizike kando ya Rahab, upande wa kushoto, kwa kuwa nikilala kulia kwake alikuwa akilalamika kwamba nakoroma. Vitabu vyangu ni vya Bravin, akiahidi kuvifungua. Gari halina mrithi. Chumvi ya barabara za huku imelila sakafu, na anayelitaka alichukue pamoja na dhambi zake. Suti zangu wapeni wahitaji, lakini zianikeni nje kwanza mpaka theluji iyeyuke, maana hakuna maskini aliyekosa kiasi cha kustahili kunuka hivyo.

Mali imekwisha. Sasa nije kwenye zito, nalo liko chini yetu, kwenye jiko la Lois, linatokota.

Makena, wewe hukukaa nasi katika nyumba hii, kwa hiyo wewe ndiye nitakayekueleza, na hawa watoto wangu wasikilize kana kwamba ni wageni, maana tangu nilale wanapita mlango wa Lois kama wageni hasa. Tulipofika hapa ughaibuni, katika mtaa huu wa Phillips, tulipanga ghorofa hii ya juu, na mwenye nyumba, huyo Lois, mjane wa Kizungu ambaye wazee wa mama yake walitoka bonde fulani mpakani mwa Ufaransa na Ujerumani, akakaa chini. Watu wa bonde hilo wana chakula chao. Wanachukua kabeji, mboga isiyo na hatia, wanaikatakata nyembamba, wanaishindilia na chumvi ndani ya mtungi, wanaikandamiza kwa jiwe, na kuiacha gizani chini ya nyumba mpaka ioze kwa utaratibu. Wenyewe hawasemi imeoza, wanasema imeiva, na wanaiita saukrauti. Ikishakuwa kali kiasi cha kutoa machozi, wanaitia katika chungu cha chuma juu ya mafuta ya nguruwe na vitunguu, wanatia karafuu, na vitunda vyeusi vyenye harufu ya dawa ya kusugulia choo, wanamimina chupa nzima ya divai nyeupe, kisha wanamzika humo nguruwe mwenyewe: paja la moshi pamoja na mfupa wake, na nyama ya tumbo pamoja na ngozi yake, na ngozi ina vinyweleo, Makena, nimeviona. Baada ya hapo moto mdogo, tangu asubuhi mpaka jua lianze kushuka. Haichemki. Inapumua tu, taratibu, kama mgonjwa mwenye homa. Soseji hutiwa mwishoni, na zenyewe ni za kijivu, na sitasema zaidi kuhusu soseji kwa kuwa kuna wanawake hapa.

Na aliyejenga nyumba hii alihakikisha kwamba joto lote la chini linapanda juu kupitia haya matundu ya hita sakafuni. Harufu haikudaiwa tikiti. Sisi ni Wasabato, nguruwe kwetu ni haramu na divai kwetu ni haramu, na juma zima suti zetu za Sabato zilining'inia juu ya tundu lile pale, zikifukizwa. Niliingia kanisani nikiwa mzee wa kanisa, Biblia mkononi, nikinuka kama kilabu kilichochomwa moto na nguruwe akiwa ndani. Watu walinipisha kiti. Nilidhani ni heshima.

Kabla ya hayo lakini palikuwa na mtungi. Mwaka ule wa kwanza mimi na Rahab tulishuka chini ya nyumba kuweka masanduku, tukakuta mtungi wa udongo umefunikwa kwa kitambaa na jiwe. Tukafunua. Rahab alirudi nyuma mpaka ukutani. Tukasikitika sana: bibi wa watu, macho yamefifia, amesahau kabeji yake tangu lini Mungu anajua, na hana mtoto wa kumwambia. Basi tukaufanya ujirani. Tukaibeba ile kabeji mpaka kwenye pipa la uchochoroni, tukausugua mtungi kwa sabuni na maji ya moto, tukaukausha, tukamwachia unang'aa. Jioni Lois akapanda ngazi, akasimama mlangoni hapo, akauliza kwa sauti ya hakimu wa rufaa, "Ni nani kati yenu aliyesafisha?" Na Rahab wangu, masikini, akafuta mikono kwenye leso, akamjibu, "Ni sisi, mama. Hakuna haja ya kutushukuru."

Hakutushukuru. Kodi aliipokea kwa kuinyakua, na salamu hakuitikia mpaka theluji ilipoanza.

Kisha Rahab akaugua, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, Silas na Peris, kwa kuwa mlikuwa kazini, mmoja kwenye maghala ya Eagan na mmoja akigeuza wazee vitandani, na Bravin alikuwa bado shule. Siwalaumu. Bila nyinyi hata hicho kitanda kisingekuwapo. Lakini mchana tulibaki wawili, yeye na mimi, na mimi ni mwanamume wa Kigusii wa umri wangu, maana yake nilijua jiko liko wapi lakini sikuwa nimetambulishwa kwake. Rahab tumboni mwake hakikukaa kitu isipokuwa ugali wa wimbi na chinsaga, zile mboga zetu chungu, zilizochemshwa kwa muda mrefu na maziwa mpaka ukali uvunjike. Za kukaushwa zilikuwa zikitoka nyumbani kwa kila aliyesafiri. Siku ya kwanza nilizipika mimi, nikaunguza sufuria, na moshi ukashuka kwa yale yale matundu, kwa mara ya kwanza harufu yetu ikaenda kwake. Lois akapanda. Nilidhani amekuja kutufukuza. Akatazama sufuria, akamtazama Rahab, akanitazama mimi jinsi mtu anavyotazama kiti kilichovunjika, akasema, "Nionyeshe hilo jani."

Akaja kila siku tangu hapo. Alipika chinsaga akiwa amekunja uso, na kila alipofika hatua ya kuongeza maziwa alionja, kwa kijiko, kila mara, na kila mara alishika ukingo wa sinki mpaka kichefuchefu kipite. Hakujificha. Alisema, "Hii ina ladha ya uzio baada ya mvua." Alisema, "Nimewahi kulamba betri nikiwa mtoto, ilikuwa afadhali." Na Rahab kule kitandani akicheka mpaka anakohoa, ananiambia, "Mwambie bado, aongeze maziwa, halafu aonje tena." Alimwonea, mama yenu. Nadhani alikuwa akilipiza kisasi cha mtungi, ama harufu, ama alitaka tu kucheka kabla ya kwenda. Lois akaonja tena. Akasonga ugali wa wimbi mpaka kifundo cha mkono kikavimba, na kijiko cha mwisho alichomeza Rahab duniani kilishikwa na mkono ule. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli.

Wahenga walisema wema hauozi. Walikuwa hawajakutana na kabeji ya Lois, lakini tuwaachie.

Baada ya kumzika Rahab kule Nyamira, macho ya Lois yakaisha kabisa. Akajichoma mkono jikoni, jirani akapiga simu, na kaunti ikatuma afisa wa ustawi wa jamii, mama mmoja mpole mwenye viatu vya theluji na kalamu shingoni, akakagua nyumba, akamwuliza Lois kama huwa anahisi huzuni kidogo, wastani au nyingi. Lois akamjibu kwamba inategemea nani yuko chumbani. Yule mama akaandika. Kisha kwa usalama wa mteja akang'oa vifundo vya jiko, vile vya kuzungusha moto, vyote, akavitia katika bahasha ya serikali, akapanda ngazi kunitafuta, akanitangaza kuwa mtu mzima anayewajibika, akanikabidhi. Nimefanya kazi mahakamani, nimeona watu wakikabidhiwa ng'ombe, watoto na maiti, lakini sikuwahi kuona serikali inayomnyang'anya mtu moto halafu inamwacha na jiko. Wakapanga awe analetewa chakula na gari, kwenye sinia za karatasi ya fedha: nyama isiyo na mnyama, na mbaazi, na kitu cha njano. Lois alizipanga mlangoni bila kuzifungua. Akakonda mpaka pete ikamtoka.

Basi nikashuka na bahasha yangu. Siwezi kuwaeleza vile nilivyojisikia. Nilipoishika nyama ile mara ya kwanza ilikuwa baridi, laini, ina uzito wa kitu kilicholala, nikaihisi mkononi mpaka siku ya pili, nikaosha mkono kwa sabuni, kwa limau, kwa maji ya moto, bado upo. Lois amekaa kwenye kiti chake ananielekeza: osha kabeji mara moja isiwe kali, kamua, tena kamua, wewe unaikamua kama unayeaga mtu. Tukafika kwenye divai. Mimi, mzee wa kanisa, ningeingiaje duka la pombe? Nikasema nitatumia akili. Nikachukua chupa ya maji ya zabibu, yale yale yasiyochacha tunayotumia kwenye meza ya Bwana, mekundu, matamu, yenye baraka, nikamimina yote, nikafunika. Ilipoiva kila kitu kilikuwa cha zambarau. Nguruwe alikuwa wa zambarau. Lois hakuiona rangi, akatia kijiko mdomoni, akasema, "Nahashon, umempika nguruwe kwenye jemu."

Kwa hiyo nikaenda dukani. Nikavaa kofia. Kijana wa duka akaniomba kitambulisho, nikamwonyesha, akahesabu akaridhika kwamba nimefikisha umri. Akauliza nataka tamu au kavu, nikamwambia ya kupikia nguruwe, akasema, "Mzee, wewe ni mtu mwema," na hilo ndilo neno zuri nililosikia mwaka ule kuhusu tabia yangu. Ni jimbo la ajabu hili. Divai haiuzwi pamoja na mkate, na Jumapili haiuzwi kabisa kwa sababu serikali inashika Jumapili, na Jumamosi siinunui kwa sababu nashika Jumamosi, na Ijumaa ndiyo maandalio ya Sabato, chungu lazima kiwe kimeshuka kabla jua halijatua. Kumpikia bibi mmoja chakula kinachochukiza kulihitaji kalenda mbili na malaika mmoja.

Sikuonja. Hilo mlijue. Nilipika kwa pua na kwa uso wake. Akikunja paji la uso naongeza divai, akilegeza shavu nazima. Nakipika chungu kimoja, naye anakila juma zima, na kila siku kinapashwa moto na kila siku kinazidi kunuka na yeye anasema sasa ndiyo kinaanza kuwa chakula.

Silas, unaangalia viatu. Uliviangalia pia siku ile ya baraza, na nitaisema siku ile, kwa kuwa kinyongo kisichotolewa kabla ya kufa hurithiwa kama shamba.

Kanisa letu, Makena, hupanga chumba cha chini cha Walutheri. Wakaniita humo baada ya ibada. Solomon, kiongozi wa wazee, akavaa miwani ambayo haina kazi ila siku za kuhukumu. "Mzee Nahashon, kuna habari kwamba unapika nguruwe." Nikasema habari ni za kweli. "Umeonja?" Sikuonja. "Umenusa?" Nikamwambia nimenusa, na nyinyi mnanusa sasa hivi, nimekaa karibu nanyi, kama kunusa ni kula basi kikao hiki chote kimekula. Mwandishi akauliza aandike nini. Wakajadili kama mchuzi ukirukia mkono na mkono ukafutwa kwa nguo ni najisi ya mkono au ya nguo. Nilifurahi kidogo, sikufichi, ilikuwa kama nimerudi mahakamani. Mwisho wakaniondoa uzee wa kanisa mpaka hali itakapobadilika, na Solomon akasema, kwa upole ambao ningempiga nao, "Kuna makao ya wazee ya kutosha katika mji huu. Kwa nini wewe?"

Nikageuka, Silas, kutafuta mtu mmoja katika chumba kile ambaye angeweza kuwajibu. Wewe ulikuwa shemasi, umevaa tai niliyokununulia, na ulijua ni mkono wa nani uliomlisha mama yako. Ukaangalia viatu. Sikukulaumu wakati ule, nikajiambia kijana ana mke mpya na jina la kulinda. Nakulaumu leo, kwa kuwa leo nina haraka.

Nipeni maji. Asante, Peris. Kidogo tu.

Haya. Jambo ni hili, na halina pembe. Jumatatu yule mama wa kaunti anarudi. Amesikia kwamba mtu mzima anayewajibika anakufa. Atauliza nani anashika vifundo, nani anapika, na kama mteja anakula. Kusipokuwa na jina la kuandika, Lois atatolewa nyumbani mwake juma hilo hilo, apelekwe kwenye makao. Ana mpwa wake anayeuza viatu kwenye lile duka kubwa la Bloomington, huja Krismasi na jibini. Nyumba itakuwa yake, sisi hatuna haki hata ya msumari, kwa hiyo asiwepo atakayesema mzee alipikia urithi. Peris, wewe unafanya kazi huko. Uliniambia mwenyewe, ukiwa umevua viatu hapo kwenye zulia, jinsi wanavyosaga chakula kikawa marundo matatu ya rangi tatu, na jinsi mnavyoambiwa mwendelee kulisha hata mtu akifunga mdomo. Yeye atafunga. Mnamjua. Tangu niangushwe na moyo huu sinia zimeanza tena kupangana mlangoni, na leo ameonja tu kwa sababu Peris amepika asubuhi, amevaa barakoa mbili, na kabeji hakuikamua, naisikia kwa pua kutoka hapa. Lakini zamu zako ni mbili kwa siku, binti yangu. Sikupi jambo la kukuvunja mgongo.

Najua mlichosemezana jana kwenye ngazi. Matundu haya hayabagui. Bravin alisema atamwagizia piza. Bravin, mwanangu wa mwisho, nilikupenda mpaka hapo. Na wewe, usinitazame kwa macho ya ndama, nilikusikia ulivyokuwa ukishuka kwa Lois, bibi unayemwita shosho, kusaidia kubeba takataka na unarudi pumzi yako ina karafuu. Sikusema, na sisemi. Lakini ukimpa paka jiko, umempa na chungu. Ungekula nusu, na kaunti ingekuta wewe umenona na mteja amekonda.

Nini? "Baba, it's not like that"? Basi ikoje? Kaa.

Peris alisema, nami nikasikia, kwamba labda Makena. Makena ni Mmethodisti, kwao nguruwe ni nyama tu, hana mwiko, mwache apike. Hapana. Nakataa nikiwa na akili timamu, iandikwe. Makena hakuzaliwa na Rahab. Yule bibi hakuonja uzio kwa ajili ya ukoo wa Meru. Nataka mmoja aliyenyonya titi lile, na sijali kama atapika huku ameziba pua kwa vidole, kwa pamba, kwa kibanio cha nguo. Siwaombi mpende. Mimi sijawahi kupenda. Leo hii, nikiwa nakufa, harufu ile inanigeuza tumbo kuliko dawa, na kama huko ninakokwenda kuna jiko nitaomba chumba cha mbali. Lakini Lois hakupenda chinsaga. Alisema hadharani kwamba anachukia, akashika sinki, akaonja. Nimesoma vitabu vingi kuhusu upendo wa jirani na vingi vimeandikwa na watu waliokuwa na mpishi.

Silas. Uliniambia jana, "Baba, kura ya wazee wa kanisa ni mwezi ujao, naomba unielewe." Nakuelewa. Solomon atavaa miwani. Watu watakupisha kiti, na mke wako ataanika nguo zako nje kwenye baridi. Unaweza kuwa mzee mzuri wa kanisa, una sauti, una subira, unajua kukaa kimya, hilo nimeliona. Sikulazimishi. Wosia wa kulazimisha huvunjwa kabla kaburi halijakauka, nimetafsiri kesi zake. Ninauliza tu mara moja, mbele ya ndugu zako, halafu sitauliza tena. Jumatatu mwanamke yule akisimama hapo mlangoni na kalamu yake, aandike jina la nani?

...

Sawa. Mnatazamana kama mashahidi waliosahau walichofundishwa. Sawa. Afadhali jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, wanasema, lakini naona mtu anaweza kukaa ghorofa ya juu na bado akawa mbali.

Niendelee na mazishi, basi, hayo hayana ubishi. Jeneza lisiwe la kung'aa. Mchungaji asizidishe. Solomon akitaka kusema, mwacheni aseme, lakini mkalisheni karibu na... ni nani huyo? Nani amefungua mlango? Bravin, ni wewe umesimama? Kwa hiyo ni nani...

Silas?

Usimfuate, Makena. Kaa, mama. Mwache ashuke mwenyewe. Nyamazeni wote. Sogeeni kwenye tundu.

Mnamsikia Lois? "Nani huyo?" anamwuliza. Amesema ni Silas. Subirini... Anasema, "Yule anayenipita ngazini akishikilia pumzi?" Na yeye amejibu, "Ndiyo, mama." Haya. Na Lois anamwambia, "Basi pumua, itakuchukua mchana mzima." Huyo ndiye Lois.

Amefunua chungu. Nimesikia kifuniko. Anakohoa... hapana, si kukohoa huko. Peris, kaa chini, hakuna aliyekufa kwa kutapika kidogo kwenye sinki, sinki ile imezoea ukoo wetu. Amefungua maji. Anarudi. Anarudi kwenye jiko, mnasikia viatu? "Onja," anamwambia. Ameambiwa aonje. Anasema... anasema hawezi, mama, hilo hataweza. Kweli. Asiweze, mimi pia sikuweza. Na Lois anasema, "Basi niletee mimi mdomoni, na usinimwagie."

Anamlisha.

"Haikukamuliwa." Niliwaambia.

Bravin, kaseti imeisha? Geuza. Kama imeisha iache. Peris, binti yangu, mkono. Nina baridi ya miguu. Sikilizeni haraka. Mkimwona mwenzenu amenuka msimpishe kiti. Mkae naye. Bravin... kula mchana, usile usiku kwa kuiba, omba. Peris, wewe Mungu akupe zamu moja, na mshahara wa mbili. Makena, uzae watoto wagumu wa pua. Na yule aliye chini... yule mkubwa... nimefuta. Mwambieni baba amefuta, yote, ile siku ya viatu, imefutwa na haiandikwi tena. Mungu wa mama yenu awatangulie, awafunike, awape kula... vyenu, na awape kumlisha mtu... chake.

Msimwite apande. Soseji zinataka kuangaliwa, zikichemka zitapasuka. Na Jumatatu, yule mama wa kaunti akibisha, akiuliza mtu mzima anayewajibika... msimwelezee sana. Wazungu hawapendi... mpeni kiti. Mwambieni yuko chini. Mwambieni anapika.